Wote Waingie, au Wachache Waonekane

Mzee wa Kanda alikuwa mtu wa kuudhi, na naanza na hilo ili asije mtu akadhani nampamba kwa sababu namhurumia. Duka lake la video lilipakana na kibanda changu cha ushonaji nyuma ya soko, mjini Meru, na kati yetu palikuwa na ukuta wa mbao tu. Kwa sehemu kubwa ya miaka ya tisini nilisikia kila alichosema, hata yale aliyojisemea mwenyewe. Cherehani yangu ikipiga kelele wakati ananakili kanda, aligonga ule ukuta kwa rimoti. Mimi nami nilimgongea kwa mkasi. Asubuhi nyingi tulisalimiana hivyo.

Alipiga video za harusi na mazishi, na mara mojamoja mtoto wa mtu akihitimu. Kamera yake ilikuwa ile kubwa ya kubeba begani, inayomeza kanda nzima, na aliivisha fulana ya mtoto iliyofumwa kwa uzi ili vumbi la Kiirua, kwao nyumbani, lisiingie. Sikuwahi kumwona akibembeleza binadamu, lakini ile kamera aliipuliza na kuipangusa kwa kitambaa nilichomkatia mimi. Kilikuwa cha pamba tupu. Cha nailoni nilichompa kwanza alikirudisha, akakiweka juu ya meza yangu kama mtu aliyeuziwa maziwa yenye maji.

Kwenye harusi alitawala yeye, si mchungaji wala wazazi. Bibi harusi akikata keki ameinamisha kichwa, aliambiwa akate tena. Mchungaji mmoja aliambiwa arudie baraka kwa sababu Biblia ilikuwa imemfunika uso, na akarudia, maskini, neno kwa neno. Watu walinung'unika, lakini Jumamosi iliyofuata walimwita tena, kwa sababu hapakuwa na mwingine wa maana, na kwa sababu walimzoea. Mtu akikuudhi muda mrefu unamwona ni wako.

Mkewe ndiye aliyeshika taa. Ilikuwa taa kubwa yenye mshikio, na betri yake ilining'inia begani kwa mkanda, betri nzito kweli, mimi niliijaribu mara moja nikaishusha upesi. Watu walimwita Mama Taa hata wakasahau jina lake. Kila kanda iliyowahi kutoka katika duka lile ina sauti ya Mzee ndani yake, nyuma ya nyimbo na vigelegele, ikisema, "Inua taa, mama. Inua." Watoto wa mtaani kwetu wakicheza harusi, mmoja alikuwa bwana, mmoja bibi, na wa tatu kazi yake ilikuwa kusimama nyuma na kusema inua taa. Mama Taa alikuwa akiwaona anacheka mpaka anashika ukuta.

Sasa nieleze jambo lililokuja kumuumiza, maana bila hilo hutaelewa hata tabia zake. Mama Taa aliugua kifua majuma machache tu, akafa. Baada ya mazishi Mzee alirudi dukani, akaketi mbele ya rafu zake, akatambua kwamba amenasa nyuso za nusu ya Meru na hana hata dakika moja ya mke wake. Alikuwa na picha ya kitambulisho, na nyingine ya studio ambayo Mama Taa amekaza mdomo kama amekwazwa. Alizitazama hizo siku nzima. Jioni akaniita, akaniambia, "Mama Kendi, hizi hazitembei." Alitaka kumwona anavyogeuza shingo na anavyocheka. Alitaka uso wake ukiwa hai, na kuanzia siku ile hakutaka kitu kingine.

Ungedhani mtu wa video ana kanda za kila alichopiga. Hakuwa nazo, na hapa ndipo penye ubishi wake wote.

Mwanzoni alifanya kazi kwa namna nyingine. Alipiga kwa spidi ya kawaida, anakata marefu na marudio, anawapa watu kanda safi ambayo unaona hata kope za bibi harusi. Kisha akapata harusi moja ya watu wa kwao Kiirua. Kwetu zawadi za harusi hazitolewi kimyakimya. Kila kundi linakuja likicheza kutoka langoni, wanawake wa kanisa, wajomba, majirani, watu wa chama, na mablanketi na sufuria na mapipa ya maji yakiwa kichwani, na kila mtu anatarajia siku ya kutazama video ajione akipeleka alichopeleka. Mzee akaona makundi yale yanafanana, akakata mengine. Katika aliowakata kulikuwa na shangazi mmoja aliyecheza na godoro kichwani kutoka lango hadi meza kuu.

Shangazi alitazama ile kanda mpaka mwisho. Ilipokwisha akauliza, "Na godoro langu?" Akasema basi kama halikuonekana, halikutolewa, na akaondoka, na kwa muda mrefu hakukanyaga boma lile. Mzee alipanda kwenda kuomba msamaha akiwa na sukari na majani ya chai, akapokelewa sukari, msamaha akanyimwa. Aliporudi alikaa kwangu kwenye kigoda cha wateja, ameshika tama, akaapa kwamba hatakata mtu tena maisha yake yote.

Kuanzia hapo kila familia iliyokuja kumwajiri aliiuliza swali lilelile, nami nikilisikia kupitia mbao nilikuwa nalitamka naye. "Mnataka wote waingie, au wachache waonekane?" Walijibu wote waingie. Sikuwahi kusikia familia ikijibu vingine, na hata mimi nilipomwoza mdogo wangu, nikijua ninachojua, nilijibu wote waingie.

Alinieleza maana yake siku moja umeme ulipopotea na sote tukawa hatuna kazi. Kanda moja, alisema, kwa spidi ya kawaida inashika masaa matatu. Ukiiendesha polepole, ile waliyoiita spidi ndefu, inashika masaa sita. Lakini utepe ni uleule, haujaongezeka hata kidole. Kwa hiyo kila sekunde inapewa nusu ya nafasi iliyokuwa inapata, na picha inajibana humo kadiri inavyoweza. Nyumba inabaki nyumba, gari linabaki gari. Kinachoanza kwenda ni vile vidogo, macho, meno, mikunjo ya uso. Akaniuliza, "Wewe ukipewa kitambaa cha gauni moja, ukaambiwa ushone gauni mbili, utafanyaje?"

Nikamwambia nitakataa kazi.

"Haya. Mimi siwezi kukataa," akasema, na akacheka kile kicheko chake cha puani.

Tena haikuwa spidi tu. Yeye alipiga harusi kwenye kanda kadhaa kwa spidi nzuri, kisha akazinakili zote kwenye kanda moja kwa spidi ndefu, kwa sababu watu walitaka kanda moja, ya kuazimana, ya kupelekea jamaa Nairobi. Na kila ukinakili, alisema, picha inaacha kitu njiani, hata ukiwa na mashine nzuri namna gani. Zile kanda za kwanza, zenye picha safi, alizitumia tena Jumamosi iliyofuata, harusi mpya juu ya ile ya jana. Kanda mpya zilikuwa ghali, ndiyo, lakini nadhani pia hakuwa mtu wa kutunza. Akishatoa kazi mlangoni hakuitazama tena. Wateja wakiomba aiweke waione pamoja, yeye alisinzia kabla bibi harusi hajafika kanisani.

Na bado alikuwa na upande mwingine, ambao watu wengi hawakuujua. Mazishi aliyapiga kwa spidi ya kawaida na hakuyabana kamwe. Hotuba zikizidi, alizima kamera. Nilimuuliza mbona huku anawakata wakubwa wanaohutubu, na kwenye harusi hathubutu kumkata hata mpishi. Akaniambia harusi kila mtu anajitafuta mwenyewe, lakini mazishi wote wanamtafuta mtu mmoja. Familia moja ililalamika kwamba diwani wao hakuonekana akiongea. Aliwajibu diwani bado yuko hai, waende wamtazame.

Mama Taa na mimi tulikuwa na siri yetu, ya bega. Fundi wa nguo anajua watu kwa migongo yao. Mtu anaweza kukudanganya kwa uso, lakini akisimama umpime mabega huoni uongo. Mwaka ule wa kwanza nilimshonea gauni likakaa vizuri. Miaka ilivyokwenda, gauni zake zikaanza kupanda upande mmoja na kushuka upande mwingine, nikadhani ni mkono wangu. Kisha wakaitwa harusi huko Mbeere, karibu na Kiambere, ambako nyaya za umeme wa bwawa zinapita juu ya vichwa vya watu na nyumba zenyewe hazina hata balbu. Jenereta waliyoahidiwa iligoma. Mama Taa alibeba ile betri tangu alasiri mpaka watu wakatawanyika, na akaja kwangu Jumatatu kupunguza blausi. Nilipoweka utepe wa kupimia nikaona. Bega la kulia lilikuwa limeshuka, na halikurudi tena.

Nilimwambia amwambie mumewe. Akaniomba nisiseme, tena akanishika mkono. Alisema Mzee akijua atataka kubeba betri yeye, na akibeba na kamera juu, mikono itamtetemeka, na picha ikitetemeka hatalala. "Wewe niwekee tu sponji kidogo upande huu," akasema. Basi kila gauni nililomshonea baada ya hapo niliweka sponji bega la kulia, na akitembea mjini huoni kitu. Mzee hakuona. Kazini alitazama kile taa ilichomulika, si aliyeishika, na nyumbani nadhani alimtazama kama sote tunavyotazama watu wa nyumbani.

Baada ya kifo chake, basi, Mzee alianza kuwaza ni wapi mkewe anaweza kuwa ameingia kwenye picha. Kazi ilikuwa ngumu kwa sababu mwenye kushika taa haonekani, yeye yuko nyuma ya mwanga siku zote. Alikaa akifikiri harusi moja baada ya nyingine, akiniuliza mimi gauni hili nililishona la nani na lini, kana kwamba mimi ningekumbuka. Siku moja akagonga ukuta kwa kiganja, si kwa rimoti, akasema, "Laare."

Nami nikakumbuka mara moja, kwa sababu Mama Taa alinisimulia ile harusi akiwa bado anaona haya. Ilikuwa ya watu wa miraa huko Laare, watu wenye nafasi, na wana mkono wazi. Zawadi zilipokwisha, mama wa bwana harusi alisimama akasema hawa waliotufanyia kazi tangu asubuhi hawaondoki mikono mitupu. Wakawafunga leso wapishi, wakawafunga leso wenye vyombo vya muziki, kisha wakamfuata Mama Taa. Akakataa, wakamvuta. Akaweka taa chini, akavua ile betri begani, akafungwa leso, akacheza na wale akina mama. Mzee hakukata. Alikuwa ameapa.

Alikwenda Laare mwenyewe na basi la asubuhi. Wale watu walimpokea vizuri, wakampikia, wakampa na kifurushi cha miraa ambacho hakutafuna, akampa utingo wa basi. Kanda walikuwa nayo bado. Ilikuwa imezunguka kwa majirani wote, ganda limepasuka pembeni, lakini ilicheza. Alirudi nayo ameifunga kwenye ile fulana ya kamera, na kwa mara ya kwanza tangu tufahamiane aliniita niingie dukani kwake nitazame.

Tulikaa. Alipeleka mbele mpaka zawadi, mpaka leso, kisha akaachia. Nilisikia sauti yake mwenyewe ikisema inua taa, mama, kisha vigelegele, kisha picha ikawa na giza, kwa kuwa aliyekuwa analeta mwanga ameuweka chini. Katika lile giza walikuwa wanacheza watu. Picha ilikuwa imejaa chengachenga, kijivu na zambarau, zinatambaa kama chawa. Mmoja alikuwa na kitu cheupe kiunoni. Uso wake ulikuwa doa la kahawia. Halina jicho, halina mdomo, na lilipogeuka huku na huku huwezi kusema ni mtu anacheka au analia.

Mzee alirudisha, akaachia. Akarudisha tena. Akafungua kopo lake la spiriti akapangusa kichwa cha mashine, akaachia tena. Alijua, bwana. Alijua kuliko mtu yeyote Meru kwa nini uso ule haupo. Spidi ndefu imeubana, kunakili kumeuchuna, na taa ilikuwa sakafuni imeangalia ukuta. Ile kanda ya kwanza, safi, ambayo labda ingekuwa na meno yake, ilikuwa imefunikwa na harusi ya watu wengine Jumamosi iliyofuata, na aliyeifunika ni yeye. Nikarudi kwenye cherehani yangu nikalia huku nikiikanyaga kwa kasi ili asinisikie.

Baada ya hapo alibadilika. Harusi alizikataa moja moja, kisha zote. Kamera aliivua fulana na hakuivisha tena. Akipita mtu akamsalimia kwa utani wa inua taa, hakuitika. Aliacha hata kunigongea ukuta, na sikutarajia kwamba ningeutamani ule ugongaji, lakini niliutamani.

Mwishoni mwa miaka hiyo ya tisini ndipo habari za kompyuta zikafika. Walisema Embu kuna msichana ana studio, anatoa harusi kwenye kanda anaiweka kwenye diski, na picha inatoka inang'aa. Mzee akaniomba nimsindikize. Alisema macho yangu yamezoea kazi ndogo. Nilifunga kibanda, tukashuka Embu na ile kanda mapajani mwake.

Binti wa kompyuta alikuwa na adabu. Alimwita baba, akatuletea viti, akasikiliza habari yote bila kukatiza. Kisha akatueleza kazi yake, na nilimwona Mzee akiinama mbele kama mtu anayesikia lugha ya kwao ugenini. Alisema kompyuta haishiki picha nzima kila mara. Inaigawa vipande vya mraba, ukuta usiosogea inauandika mara moja, kisha inaandika kile tu kinachobadilika. Kila sekunde inatengewa kiasi chake cha nafasi. Ukiipa nyingi, picha inakaa vizuri, lakini faili inakuwa kubwa na diski inajaa upesi. Ukiipa kidogo, masaa mengi yanaingia, lakini watu wakicheza, kompyuta inashindwa kuandika kila badiliko, inaacha miraba mitupu. Na hizi chenga za gizani ndizo mbaya zaidi, alisema, kwa sababu kompyuta inazidhania ni mambo yanayobadilika, inamaliza nafasi kwa chenga badala ya watu.

Mzee akamuuliza harusi moja inachukua diski ngapi. Binti akasema, ikiwekwa vizuri, nyingi, maana diski moja inashika saa moja na kidogo. Lakini watu wanataka iingie yote kwenye mbili, basi anaibana.

"Hata wewe," Mzee akasema, na kidogo akatabasamu.

Alituonyesha kwanza kwa kubana. Mama Taa akawa vigae vinne vya kahawia vinavyorukaruka. Mzee akageuza uso. Binti akaona, akazima haraka, akauliza kwa upole, "Baba, unataka harusi yote iingie?"

"Hapana," akasema Mzee wa Kanda. "Wote watoe. Bibi harusi mtoe, bwana harusi mtoe. Nipe huyu mmoja, na umpe nafasi yote."

Nilimtazama. Yule aliyeapa kwa sababu ya godoro la shangazi alikuwa amekata harusi nzima, na hakupepesa jicho. Binti akafanya alivyoambiwa. Kwanza aliipa picha nafasi nyingi mno, diski ya kwanza ikagugumia kwenye mashine ya kuchezea kwa kuwa ilishindwa kuimeza, akarudia akipunguza mpaka kile kiasi cha juu mashine inachoweza. Kile kipande kifupi kilimchukua muda mrefu hata tukaenda kunywa chai tukarudi. Miraba ikawa imetoka. Uso ukarudi kuwa lile doa la kwenye kanda, doa lilelile, wala halikuongezewa hata kope.

Binti alisimama amefungamanisha vidole. Alisema, "Nimekupa kila kitu kilichokuwa kwenye kanda, baba. Kompyuta haiwezi kujua kile kanda haikushika." Mzee akamshukuru, akamwambia ni kweli kabisa, na kwamba yeye mwenyewe ndiye angepaswa kumwambia hivyo. Tukapanda gari la kurudi, kupita Chuka mpaka nyumbani. Diski aliishika pembeni kwa ncha za vidole, asiache alama.

Alifunga duka mwezi uleule, akarudi Kiirua kulima viazi. Mpangaji mpya upande wa pili wa mbao akawa muuza viatu, mtu mkimya. Nilikaa muda bila kumwona Mzee, kisha nikapata kazi ya sare za kwaya huko kwao, nikapita kumsalimia.

Nilimkuta amekonda. Alikuwa amenunua mashine ya diski, ndiyo kitu pekee kipya ndani ya nyumba, na ameifunika kwa leso nyeupe ya Laare. Tulikunywa uji. Aliniuliza habari za Kendi, binti yangu, na za ukuta. Kisha akaitoa ile leso bila kuniuliza kama nataka, akawasha.

Giza lile, chenga zile. Lile doa lililovaa cheupe likaanza kucheza. Alisema hutazama kila siku baada ya kutoka shambani, na sasa ameanza kuogopa. Hana hakika tena. Kuna siku anaona ni yeye, na kuna siku anaona ni mpishi tu, mama wa watu, na kwamba ameshinda mwaka mzima akimlilia mwanamke asiyemjua. Aliniangalia na macho yake yalikuwa mekundu. "Mama Kendi, wewe sema. Ni yeye?"

Nikasogeza kigoda mpaka karibu na kioo. Sikutazama uso, kwa kuwa uso haukuwepo. Nilitazama ninachojua kutazama. Gauni lilikuwa la kijani, nililijua, lakini kijani kinavaliwa na wengi. Kisha akageuka kutupa mgongo, na nikaona. Leso walikuwa wamemfunga kwa nguvu ikavuta nguo, sponji yangu ikasogea, na bega la kulia likashuka lilivyokuwa linashuka kwangu nikimpima. Kanda ilikuwa imepoteza macho yake na meno yake, lakini bega ni kitu kikubwa, lilikuwa limenusurika.

"Ni yeye," nikasema. "Tazama bega."

Alirudisha. Akatazama. Akauliza mbona analala upande, alikuwa ameumia? Na mimi, kwa kuwa aliyenifunga mdomo hayupo tena, nikamweleza. Nikamweleza betri, na Kiambere, na sponji, na alivyonishika mkono akisema nisiseme, picha isije ikatetemeka. Nilisema yote kwa upole, lakini hakuna upole unaoweza kutosha kwa jambo kama lile.

Mzee wa Kanda alikaa na rimoti mkononi. Ile sehemu ikajirudia, ikaanza tena mwanzo, na sauti yake ya zamani ikatoka kwenye kile kisanduku, kavu, ya kuudhi, ikasema inua taa, mama. Inua. Aliinama kana kwamba amepigwa.

"Na mimi nilikuwa namwambia ainue," akasema.

Nilimwekea mkono mgongoni, kitu ambacho sikuwahi kufanya, na nikamwambia atazame, asifunge macho, atazame hapo kwenye giza.

"Hapo taa ameiweka chini, Mzee," nikamwambia. "Ndiyo sababu humwoni."

Akainua kichwa. Akatazama mpaka mwisho, na ilipokwisha akaiacha ianze tena.